Taa ya nyuma, njia unayopita na sekunde za dereva

Anayekwenda kazini kwa baiskeli alfajiri na kurudi giza limeingia hana macho kisogoni. Shimo lililo mbele atalikwepa mwenyewe. Gari linalomjia kwa nyuma amemwachia dereva wake. Kwa hiyo sisi tunaoshughulika na usalama barabarani, tukiiona baiskeli usiku, huanza na swali moja: dereva huyo amepewa sekunde ngapi?

Tupige hesabu. Baiskeli ya kwendea kazini hutembea kama kilomita 18 kwa saa. Gari linalokuja kwa kilomita 80 linaikaribia kwa tofauti ya kilomita 62 kwa saa, ambayo ni mita 17 hivi kila sekunde. Kama taa ni hafifu na inatambulika mita 40 tu kabla ya kufikiwa, dereva ana sekunde 2 na nukta kidogo. Sekunde moja na nusu inaweza kuisha akiwa bado anaona, anaelewa anachokiona na kuhamisha mguu kwenda kwenye breki. Kinachobaki hakimtoshi, hasa ikiwa upande wa pili kuna gari linakuja na hana pa kukwepea. Taa ikitambulika mita 200, dereva huyohuyo ana zaidi ya sekunde 11. Anapunguza mafuta, anatazama kioo, anakupita akiwa amekuachia nafasi.

Sasa ichukue ile taa hafifu ya mita 40 uipeleke kwenye mtaa ambao magari hayazidi kilomita 30 kwa saa. Tofauti ya mwendo inashuka hadi 12, na dereva anapata sekunde 12. Njia ya polepole imempa muda uleule ambao kule kwenye barabara kuu ulihitaji taa kali. Ndiyo sababu mtu akiniuliza anunue taa gani, mimi humuuliza kwanza anapita wapi.

Tuanze na taa, maana makosa yake ni mengi na karibu yote yanarekebishika leo jioni. Kiakisi mwanga chekundu kinachokuja na baiskeli hakitoi mwanga wake chenyewe. Hurudisha tu mwanga wa taa za gari, na kikipakwa matope au kikiinama kuelekea chini hakirudishi kitu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri barabarani unataka baiskeli iwe na kiakisi chekundu nyuma na pia iweze kuonyesha taa nyekundu. Ni viwili, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Kwenye boksi la taa utakuta namba za lumeni. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka, uende unakokwenda. Dereva anaguswa na ule unaomwelekea yeye tu, nao hupimwa kwa kandela. Taa yenye lumeni nyingi iliyoelekezwa kwenye tairi, au juu kwenye matawi ya miti, inaweza kushindwa na ndogo iliyokaa sawasawa na kutazama nyuma. Ifunge kwenye bomba la kiti au nyuma ya keria, mahali ambapo koti refu, begi au mzigo hautaifunika. Taa iliyoning'inizwa kwenye begi huyumba na kulala upande. Nimeona nyingi mno zikimulika lami.

Betri nayo hudanganya. Taa ya nyuma huwa huioni mwenyewe ikififia, kwa sababu iko nyuma yako. Weka siku maalumu ya kuichaji badala ya kusubiri izime. Kumbuka pia kwamba wapo madereva, wengi wao wanaume, ambao macho yao kwa maumbile huiona rangi nyekundu kwa udhaifu. Kwao taa iliyofifia karibu haipo.

Je, iwake mfululizo au ipepese? Hapa hata sheria za nchi hazikubaliani: Uingereza iliruhusu taa ya baiskeli inayopepesa mwaka 2005, Ujerumani inataka iwake mfululizo. Kupepesa huvuta jicho haraka. Kuwaka mfululizo humsaidia dereva kukadiria uko umbali gani. Panaporuhusiwa, mimi nashauri taa mbili, moja ya kila aina, na hapo hata moja ikizima njiani hujabaki gizani. Ukali nao una mpaka wake: taa inayomchoma macho mwendesha baiskeli mwenzako aliye nyuma yako inamnyima kuona shimo.

Usiizime mchana. Huko Odense, Denmark, waendesha baiskeli 3,845 walishiriki jaribio la mwaka mzima lililoanza Novemba 2004, kundi moja likiwa na taa zinazowaka muda wote. Ajali za majeraha zilizoripotiwa katika kundi hilo zilikuwa pungufu kwa asilimia 19.

Kingine ni mikanda ya kuakisi kwenye vifundo vya miguu. Miguu inayopanda na kushuka humwambia dereva mara moja kwamba huyu ni mtu juu ya baiskeli, wakati doa jekundu peke yake linaweza kuwa chochote.

Kuijaribu taa yako ni rahisi. Giza likiingia, mwombe mtu aishike baiskeli mahali salama, wewe utembee nyuma yake hatua 270 za kawaida, kama mita 200. Geuka utazame. Kisha sogea kidogo kushoto na kulia, kwa kuwa barabara zina kona.

Sasa njia. Barabara fupi kuliko zote mara nyingi ndiyo ile ya magari ya kasi. Kuzunguka kilomita 2 zaidi kwa mwendo wa baiskeli ni chini ya dakika 7. Azimio la Stockholm la mwaka 2020, la mkutano wa mawaziri wa dunia kuhusu usalama barabarani, linataka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa pale ambapo magari huchanganyika mara kwa mara na watu wa miguu na wa baiskeli. Mitaa ya namna hiyo ndiyo ya kutafuta. Hesabu pia makutano, maana huko magari hukatiza mbele yako. Na karibu na lori usijipenyeze ubavuni linapokaribia kukata kona. Dereva anaweza asikuone kabisa kwenye vioo. Kwenye magari yaliyoegeshwa acha nafasi ya mlango mzima kufunguka.

Ipite njia hiyo kwanza siku ya mapumziko, kisha uipite tena usiku kabla hujaizoea. Kichochoro kizuri cha mchana kinaweza kuwa hakina taa hata moja.

Na kama katikati kuna kipande cha barabara kuu kisichokwepeka, tuseme mita 300 za daraja jembamba lenye njia ya watembea kwa miguu, shuka usukume. Utachelewa kwa dakika zisizofika 3.