Dar–Mwanza kwa ndege: ni kilomita ngapi na unakaa hewani muda gani

Desemba ikikaribia ndugu zangu wa Kanda ya Ziwa wanaanza kuulizana, jamani Dar Mwanza kwa ndege ni masaa mangapi, na majibu wanayopeana mengi hayako sawa kabisa, ngoja niyapitie maana watu wanapoteza hela zao hapa.

"Si ni kilomita zaidi ya 1,100?"
Hizo ni za basi. Basi linapita Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, linafuata barabara inakoenda. Ndege inakata moja kwa moja, ni kama kilomita 850 tu. Kwahiyo ukichukua kilomita za barabarani ukagawanya kwa spidi ya ndege umeshakosea toka mwanzo.

"Ndege zote spidi moja"
Hapana. Airbus A220 ni jeti, ikishafika juu inakimbia kilomita 800 na kitu kwa saa, ila Q400, ile yenye mapangaboi mawili makubwa kwenye mbawa, ikijitahidi sana ni kama 660. Ndo maana mmoja atakwambia lisaa limoja na nusu hivi, mwingine karibu masaa mawili, na hakuna muongo hapo, walipanda ndege tofauti.

"Umbali mara mbili, muda mara mbili"
Hii ndo inawachanganya wengi. Angalia Dar Zanzibar, kilomita 70 na kidogo, dakika kama 20 hewani. Kwa mwendo huo Mwanza ungefika baada ya karibu masaa manne, lakini hufiki masaa manne, kwa nini? Kwa sababu safari ya Zanzibar yote ni kupanda na kushuka, mkanda hujaufungua bado na matumbawe unayaona chini, ndege haipati nafasi ya kukimbia. Ya Mwanza inapanda mara moja halafu inatembea juu huko kwa spidi yake mpaka uanze kuona ziwa na yale mawe.

Sasa geuza hiyo hesabu, chukua ndege ya Mwanza inayopitia KIA, ule uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Kwenye ramani umeongeza kama kilomita 70 tu, kitu kidogo, ila inabidi ishuke, abiria watoke, wengine waingie, mizigo ipakiwe, ipange foleni ya kuruka tena, hapo lisaa zima linaweza kwenda. Kabla hujalipia tiketi uliza inaenda moja kwa moja au inatua njiani, usiulize kilomita.

"Tiketi imeandika 07:00, kwahiyo saa saba"
Hii inaniuma kwa sababu ilimkuta mjomba wangu. 07:00 ni saa moja asubuhi, yeye alifika pale teminali saa tano na begi lake na ndoo ya embe akijua kawahi, ndege ilishafika Mwanza kitambo na imesharudi na abiria wengine. Tiketi zinahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, toa sita ndo upate saa yetu. Na ukiwa unaenda Kigali jua Rwanda iko nyuma yetu lisaa limoja, saa ya kufika kwenye tiketi ni ya kule, usije ukatoa ukadhani safari ni fupi kuliko ya Mwanza.