Je, wajua? Mpiga gitaa wa Queen ana udaktari wa vumbi linalong'aa kabla ya alfajiri

Ukitaja bendi ya Queen katika mazungumzo yoyote Arusha au Moshi, jambo la kwanza utakaloambiwa ni kwamba mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar. Ni kweli. Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Habari hiyo imeenea mno, ikafunika nyingine inayowagusa kwa namna ya pekee wanaoishi chini ya Meru na Kilimanjaro. Mpiga gitaa wa bendi hiyohiyo, Brian May, ana shahada ya uzamivu katika fizikia ya anga, na alichokisomea ni nuru hafifu ambayo huku kwetu huonekana vizuri kuliko huko kwao London.

Utafiti huo aliuanza mwaka 1970 na shahada akaipata mwaka 2007. Inawezekanaje vipimo vilivyochukuliwa wakati bendi bado haijulikani vikampa mtu udaktari zaidi ya miaka 30 baadaye?

Wengi hujibu haraka kwamba hiyo ni shahada ya heshima. Hapa Tanzania dhana hiyo inaeleweka, kwa sababu tumezoea kuona "Dkt." ikitangulia jina la kiongozi au msanii ambaye hakuingia maabara wala maktaba kuitafuta. Tena May anazo shahada za heshima kweli: Chuo Kikuu cha Hertfordshire kilimtunuku moja mwaka 2002, na ndiyo maana watu huchanganya. Lakini ile ya Imperial College London si ya kutunukiwa. Alihitimu shahada ya kwanza ya fizikia chuoni hapo mwaka 1968, akarudi kufanya utafiti, na mwaka 1971 na 1972 akapima anga ya usiku katika kisiwa cha Tenerife, kwenye kituo kilichoko milimani, urefu wa takriban mita 2,400. Jina lake limo katika makala mbili za kisayansi zilizotokana na kazi hiyo, moja katika jarida la Nature mwaka 1972 na nyingine mwaka 1974 katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Astronomia. Mwaka huohuo wa 1974 Queen ilianza kupasua, naye akaiacha tasnifu kabla haijakamilika. Mwaka 2006 alijisajili upya, akasimamiwa na mwanaastronomia Michael Rowan-Robinson, akasoma yote yaliyoandikwa katikati, akatetea kazi yake mbele ya watahini na kufaulu.

Wengine, wakishakubali kwamba shahada ni ya kweli, husema basi umaarufu ndio uliompitisha. Hoja hiyo nayo haisimami, na sababu imo ndani ya somo lenyewe.

Kati ya Jua na sayari kumetanda vumbi. Ni chembe ndogo sana, nyingi zikiwa na upana wa sehemu za milimita tu, na zimeachana mno, lakini nafasi zilimotawanyika ni kubwa kiasi kwamba mwanga wa Jua unaozigonga na kurudi kwetu hutosha kuonekana kwa macho. Mwanaastronomia Giovanni Domenico Cassini aliichunguza nuru hiyo mwaka 1683. Inaitwa nuru ya zodiaki, kwa sababu hufuata ukanda uleule wa anga ambamo Jua, Mwezi na sayari hupita.

Waislamu wanaijua kwa sura nyingine. Katika mafundisho ya saumu kuna alfajiri mbili: ya uongo, ambayo mwanga wake husimama wima, na ya kweli, ambayo mwanga wake hutanda kandokando ya upeo. Ile ya kwanza haimzuii mfungaji kula daku. Wanaastronomia wengi huilinganisha alfajiri hiyo ya uongo na nuru ya zodiaki, na maelezo ya umbo lake yanalingana vizuri.

Kosa linalorudiwa sana ni kudhani kwamba mwanga huo ni mapambazuko, au ni taa za mji wa mbali. Tofauti zipo na mtu anaweza kuzikagua mwenyewe. Taa za mji hutengeneza kuba pana juu ya upeo, lenye rangi ya manjano, na halihami usiku kucha. Mapambazuko huanza chini, huenea kushoto na kulia, na hukua kwa dakika. Nuru ya zodiaki ni pembetatu ndefu nyeupe, pana chini na nyembamba juu, na huelekea zilipo sayari. Kama Zuhura inaonekana mashariki kabla ya Jua kuchomoza, itakuwa ndani ya pembetatu hiyo au karibu nayo. Wengine huidhania kuwa Njia Nyeupe, lakini hiyo ina mawingu na madoa meusi, wakati nuru ya zodiaki ni laini, haina kingo.

Hapa ndipo jiografia yetu inapotubeba. Moshi iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo ukanda ule wa sayari husimama karibu wima mwaka mzima. Pembe yake na upeo haishuki chini ya nyuzi 60. London hali ni nyingine: kuna majira ambapo ukanda huo hulala hadi nyuzi 15 hivi, na nuru yote huzama katika utusitusi wa upeoni. Huko wenye subira huisubiri jioni za Februari na Machi au alfajiri za Septemba na Oktoba. Sisi tunaweza kuitafuta mwezi wowote, mradi usiku hauna mbalamwezi, anga haina mawingu, na tumetoka nje ya taa za mji: tambarare za Simanjiro, Longido, kando ya Ziwa Natron. Saa yake ni kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, upande wa mashariki. Zima simu na uyape macho kama nusu saa yazoee giza. Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huondoka Kibo Hut karibu na saa sita usiku. Wakisimama kupumua kwenye kokoto saa kumi alfajiri na kugeuka nyuma, kilele cha Mawenzi kiko mashariki yao, na nuru hiyo hupanda upande huohuo.

May alitaka kujua vumbi hilo linakwenda wapi, na kwa kasi gani. Picha peke yake haiwezi kujibu. Simama kando ya barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, tuseme pale Boma Ng'ombe, basi lipite likiwa limeshikilia honi. Likija, honi husikika nyembamba; likishapita, hushuka na kuwa nzito. Dereva hajagusa chochote. Basi linalokuja hutoa kila wimbi la sauti likiwa limesogea karibu kuliko lilipotoa lililotangulia, kwa hiyo mawimbi hukufikia yamebanana. Linapoondoka, huachana. Mtu aliyefumba macho anaweza kujua kama basi linakuja au linakwenda, na akiwa na kipimo anaweza hata kukokotoa kasi yake, mradi aijue sauti halisi ya honi likiwa limesimama.

Mwanga nao hufanya vivyo hivyo, na "honi" yake tunaijua. Magnesi iliyo katika hewa ya Jua humeza mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 518 hivi, ikiacha pengo jeusi katika spektra, yaani mwanga uliotandazwa kwa rangi zake. Vumbi linaporudisha mwanga wa Jua, huurudisha na pengo hilo. Vumbi likija kwetu, pengo husogea upande wa bluu. Likitukimbia, husogea upande wa nyekundu.

Ugumu uko katika kiasi cha kusogea. Basi la kilomita 80 kwa saa, likilinganishwa na mwendo wa sauti, hubadilisha honi kwa sehemu moja kati ya 15, na sikio hulitambua bila shida. Vumbi hukimbia kilomita kama 30 kwa sekunde, lakini mwanga hukimbia 300,000. Badiliko ni sehemu moja kati ya 10,000, na linatafutwa katika nuru ambayo jicho lenyewe huiona kwa shida. May na wenzake walitumia vioo viwili vinavyotazamana, vyenye utando wa kuakisi, vinavyopitisha urefu mmoja tu wa wimbi kwa wakati. Matokeo yao yalionyesha kwamba kwa jumla vumbi hulizunguka Jua kwa mwelekeo uleule wa sayari.

Ugumu huohuo ndio uliomsubiri May. Baada ya 1974 watafiti wengi wa vumbi walihamia kwenye satelaiti zinazopima joto: IRAS ya mwaka 1983, kisha COBE ya 1989. Hizo zilichora vumbi vizuri sana, lakini kwa kupima joto lake, bila mwendo. Vipimo vya kasi vilibaki vichache mno hadi mwaka 2004, wakati watafiti wa Marekani walipochapisha vipya kutoka Arizona kwa kutumia pengo lilelile la magnesi. May aliporudi, namba zake za Tenerife bado zilikuwa na thamani, na zilikuwa na kitu cha kulinganishwa nacho.

Vumbi hilo linatoka wapi? Hapo majibu bado yanagongana. Mwanga wa Jua hulipunguzia mwendo kidogo kidogo hadi lizame ndani, kwa hiyo lazima kuwe na kinacholijaza upya. Kwa muda mrefu asteroidi, yaani miamba midogo inayolizunguka Jua, zilitajwa sana. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2010 ziliwapa sehemu kubwa nyotamkia wanaotawaliwa na uvutano wa Mshtarii. Mwaka 2021 watafiti wa Juno, chombo cha anga kilichotumwa Mshtarii, walipendekeza Mirihi, pendekezo lililopingwa kwa sababu haijaelezwa vumbi lingewezaje kuponyoka kwa wingi hivyo kutoka kwenye uvutano wa sayari hiyo. Katika mabishano haya kasi ina uzito wake: chembe za nyotamkia hupita njia zilizorefuka zaidi kuliko za asteroidi, na hilo hulipanua pengo la magnesi. Uchambuzi wa mwaka 2008 wa vipimo vile vya Arizona uliona upana unaoelekeza kwenye nyotamkia.