Kompyuta Inayozima Baada ya Kuwekewa Kadi Mpya ya Grafiki

Mteja akiniletea kompyuta na kusema, "Fundi, tangu niweke kadi mpya inanizimikia," swali langu la kwanza haliihusu kadi hiyo ya grafiki, ile inayotengeneza picha za skrini. Namuuliza inazima vipi. Wengi hushangaa, maana kwao kuzima ni kuzima. Lakini kuna mashine inayokatika ghafla kama iliyochomolewa plagi, kuna inayobaki na skrini nyeusi huku sauti ya gemu ikiendelea, na kuna inayotoa skrini ya bluu. Hizo ni kesi tatu tofauti. Ukizichanganya utapiga Windows upya bure, utarudisha dukani kadi isiyo na kosa, na tatizo litabaki palepale.

Nianze na inayokatika ghafla, kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo zaidi hapa Dar es Salaam. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo zilikuwa za ofisini, na ziliundwa kwa kazi za ofisini. Dell OptiPlex 9020 ya mnara, kwa mfano, ilitoka kiwandani na pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, ya wati 290, ambazo zinatosha kabisa kwa kazi iliyokusudiwa. Kadi ya RTX 3060 peke yake inakula wati 170, na Nvidia, watengenezaji wa chipu yake, wanashauri iendeshwe na pawa saplai ya wati 550. Wala usidhani utanunua pawa saplai yoyote na kuichomeka: madabodi (bodi kuu) ya 9020 inalishwa kwa soketi ya pini 8, siyo ile ya kawaida ya pini 24, hivyo unahitaji pia waya wa kubadilishia.

Mashine zilizounganishwa mtaani zina mtego wao. Kuna kijana anayehariri video za harusi alikuwa akitumia GTX 1050 Ti, kadi ya wati 75 ambayo kwa kawaida huchukua umeme wake wote kwenye sloti ya madabodi. Akapandisha hadi RTX 3060. Akiwa mtandaoni, hakuna shida. Akikata na kupanga vipande vya video, hakuna shida. Akianza kutoa faili la video iliyokamilika, mashine inakatika. Pawa saplai yake iliandikwa 500W kwa herufi kubwa. Nikamgeuzia upande wenye jedwali dogo na kumwekea kidole kwenye mstari wa +12V: ampea 18. Ampea 18 mara volti 12 ni wati 216. Huo ndio umeme unaolisha prosesa na kadi. Zilizobaki kufikia 500 zimehesabiwa kwenye laini za volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta ya leo inazitumia kidogo sana. Kadi inataka 170, prosesa ikikazwa inataka 65 au zaidi. Hapo 216 imeshapitwa, bado hujahesabu diski na feni.

Kwa hiyo kabla ya kununua kadi, fungua ubavu wa kava usome jedwali hilo. Namba kubwa ya kwenye boksi iache.

Tena hesabu inaweza kutosha kwenye karatasi na mashine ikakatika bado. Kadi za sasa hazivuti umeme kwa utulivu. Zinaruka juu kwa muda mfupi mno, na pawa saplai dhaifu ikiuona mruko huo inadhani kuna shoti, inajikata kujilinda. Tatizo hili lilijulikana kiasi kwamba kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 kiliagiza pawa saplai zenye soketi mpya ya pini 16 zivumilie mruko wa mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100.

Halafu kuna nyaya, na hapa huwa mkali. Sloti ya madabodi inatoa wati 75, soketi ya pini 6 inatoa 75, ya pini 8 inatoa 150. Kichwa cha SATA, kile cha kulishia diski, kinahimili ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Sasa mtu anauziwa waya unaounganisha SATA mbili kuwa pini 8: wati 108 zinaombwa kubeba 150. Kichwa kinachemka, plastiki inalainika, na hapo umeshatoka kwenye kompyuta kuzima umeingia kwenye hatari ya moto. Ukiukuta waya huo kwenye mashine yako, uondoe leo. Na kama kadi ina soketi mbili za pini 8, ipe nyaya mbili kutoka kwenye pawa saplai, siyo waya mmoja wenye vichwa viwili.

Kipimo cha haraka kisicho na gharama: weka programu ya MSI Afterburner, shusha kikomo cha umeme wa kadi hadi asilimia 70, kisha rudia kazi ileile iliyokuwa ikizima mashine. Ikitulia, mshukiwa wa kwanza ni pawa saplai. Haujawa ushahidi kamili, kwa sababu hata kadi mbovu hutulia ikipunguziwa mzigo, kwa hiyo azima pawa saplai nzuri uhakikishe. Ukifungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utaona Kernel-Power 41, na watu huishikia bango hiyo. Inasema tu kwamba Windows ilizimika bila kufungwa vizuri. Sababu haisemi.

Skrini nyeusi yenye sauti, au skrini inayopepesa kisha kurudi, ni habari nyingine. Windows huipa kadi sekunde 2 kujibu; isipojibu, inaiwasha upya draiva, ile programu inayoiendesha kadi, na kuandika tukio namba 4101. Ikishindwa kuirudisha, unapata skrini ya bluu yenye VIDEO_TDR_FAILURE. Hapo anza na draiva, hasa kama umehama kutoka AMD kwenda Nvidia au kinyume chake, maana mabaki ya draiva ya zamani husumbua. Kata intaneti ili Windows isikuwekee draiva yake, ingia kwenye hali ya usalama (Safe Mode), safisha kwa programu ya DDU, ndipo uweke draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji. Kama kadi imeunganishwa kwa waya wa kurefusha sloti, nenda kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya madabodi) ushushe kasi ya sloti hadi PCIe Gen 3 kabla hujalaumu kingine chochote.

Kadi ya mtumba ipimwe joto. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kutumia kadi za grafiki Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Si lazima ziwe mbovu. Mara nyingi ni pesti ya kupitisha joto la chipu iliyokauka. Fungua programu ya HWiNFO ulinganishe joto la kawaida la chipu na lile la sehemu yake yenye moto zaidi. Mimi tofauti ikizidi digrii 25 hivi, nafungua kadi na kubadilisha pesti.

Skrini ya bluu yenye makosa yanayobadilika kila mara hunipeleka kwenye ramu: zima XMP, mpangilio wa BIOS unaoiongezea ramu kasi, kisha endesha MemTest86, programu ya kupima ramu, usiku kucha. Na mwenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 13 au 14, hasa i9, asikimbilie kuilaumu kadi gemu likimwambia kumbukumbu ya video imeisha. Prosesa hizo zilikuwa na hitilafu ambayo Intel waliikubali mwaka 2024 na kuitolea marekebisho ya BIOS. Sasisha BIOS kwanza. Ikiwa prosesa imeshaharibika, marekebisho hayaiponyi. Inabadilishwa kwa waranti.

Kadi yenyewe naishuku mapema pale tu ninapoona vidoti vya rangi au mistari ya ajabu tangu kwenye nembo ya kuwashia, kabla Windows haijaingia. Hapo naihamishia kwenye mashine nyingine ninayoiamini. Ikirudia mambo yaleyale, irekodi video kwa simu, upeleke dukani pamoja na risiti kabla waranti haijaisha.