Kufungwa vyuma mgongoni: maneno ya dukani na ukweli wake

Mama mdogo anauza vitenge Kariakoo. Huu ni mwaka wa pili maumivu yanamwanzia kiunoni kushoto, yanashuka ubavuni mwa mguu na kuishia kidole gumba, kama kagusa waya wa umeme. Siku alipotajiwa upasuaji wa kuunganisha pingili za mgongo kwa vyuma, duka likageuka kliniki. Kila mteja ana shemeji yake aliyepasuliwa. Haya ndiyo niliyoyasikia nikimkunjia vitenge.

"MRI imeonyesha diski imetokeza, basi lazima apasuliwe." Hili lilitusumbua kuliko yote, maana majibu yameandikwa kwa maneno ya kutisha. Lakini MRI ni picha ya ndani ya mwili, na diski ni kama kimto kati ya pingili na pingili: picha inaonyesha umbo, haionyeshi maumivu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015, ya watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo, yalikuta kwamba kwa wenye umri wa miaka 50, asilimia 60 hivi wana diski iliyotokeza. Wanakula, wanalala, hawana habari.

Ndiyo maana daktari aliiweka picha pembeni kwanza. "Mama, nyanyua kidole gumba, mimi nakizuia." Cha kulia kilimsukuma. Cha kushoto kikalegea kama kamba, mama mdogo mwenyewe akashangaa. Kidole hicho huinuliwa zaidi na mshipa wa fahamu wa tano wa kiuno, na mbano kwenye picha ulikuwa hapohapo. Njia ya maumivu, kidole na picha vikikubaliana, hapo mazungumzo ya upasuaji yana msingi. Visipokubaliana, kisu kinaweza kwenda pasipouma.

"Kuunganisha pingili ndiko kuondoa kinachobana." Hapana, hizi ni kazi mbili. Moja ni kuufungulia mshipa nafasi kwa kuondoa kipande cha diski au mfupa. Ya pili ni kuzifanya pingili mbili ziwe mfupa mmoja, kwa skrubu, vyuma na vipande vya mfupa, ili zisicheze tena. Wengine huhitaji zote mbili: pingili zinazoteleza na kucheza, mgongo uliovunjika au kupinda sana, au kifua kikuu cha mgongo kilichokula mfupa. Wengine wanahitaji ya kwanza tu. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wagonjwa waliobanwa mishipa kwa sababu njia ya uti wa mgongo imekuwa nyembamba. Baada ya miaka 2, walioongezewa kuunganishwa hawakuwa na nafuu kuliko waliofunguliwa tu. Hili dukani halikuwa na msemaji.

"Ukishawekewa vyuma umepona." Vyuma ni kama miti ya fundi chini ya zege: inashikilia mpaka zege likauke. Kinachounganisha ni mfupa unaoota wenyewe, kazi ya miezi mingi, mara nyingi 6 hadi 12. Sigara huikwamisha, na kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari ya kidonda kuoza. Pingili za jirani nazo hubeba mzigo zaidi. Tena mshipa uliobanwa miaka unaweza kuendelea kuwaka hata ukifunguliwa. Kwa kawaida maumivu ya mguu ndiyo yenye tumaini kubwa la kupungua. Ya mgongo wenyewe hayatabiriki hivyo.

"Mgongo haupasuliwi, utapooza." Hatari ipo, pamoja na maambukizi na kuvuja damu, ila kupooza ni nadra katika upasuaji wa kiuno uliopangwa.

"Hizo dawa ni za wagonjwa wa akili." Jirani alisoma karatasi ya amitriptilini, dawa aliyoandikiwa mama mdogo, nusura aitupe. Ni kweli hutibu sonona, lakini kwa dozi ndogo hutuliza mishipa ya fahamu. Kilichopaswa kumtisha ni diklofenaki, dawa ya maumivu aliyokuwa akijinunulia duka la dawa kila wiki, ambayo huumiza tumbo na figo.

"Asubiri mpaka ashindwe kutembea." Kusubiri huku ukifanya mazoezi ya tiba ni sawa, na wengi ambao diski imetokeza karibuni hupata nafuu ndani ya wiki chache. Lakini unyayo ukianza kuburuzika, nenda haraka. Ganzi sehemu za siri na makalioni, au kushindwa kukojoa au kuzuia haja, ni dharura ya siku hiyohiyo. Usingoje tarehe ya kliniki.

Mama mdogo alirudi na swali moja tu: "Daktari, pingili zangu zinacheza?" Akapigwa eksirei akiwa ameinama, kisha akijinyoosha kwa nyuma. Hazichezi. Sasa wanazungumzia kufungua mshipa pekee, bila vyuma. Hajakubali bado, ila kaambiwa kidole kikizidi kulegea asikae nacho. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, anavua kandambili, anashika kufuli kwa mkono mmoja na kukiinua, akikitazama kama anayepima kitambaa.