Kutoka majimbo hadi ugavi wa mapato: jinsi ahadi za vyama zinavyokatwakatwa Bungeni Kenya

Mwaka 2025 Bunge la Taifa lilitaka serikali za kaunti zipewe shilingi bilioni 405. Seneti, bunge la pili linalowakilisha kaunti, ikadai bilioni 465. Baada ya vuta nikuvute ya kamati ya upatanishi, zikatoka bilioni 415. Magazeti yaliandika kwamba pande mbili zimeafikiana, na kweli ziliafikiana, ila hazikukutana katikati. Katikati ingekuwa bilioni 435. Seneti ilipata bilioni 10 kati ya 60 ilizokuwa ikidai.

Mwaka 2019 ilikuwa hivyo hivyo: bilioni 310 kwa 335, matokeo 316.5. Mtu anayesoma ilani ya chama, akakuta imeahidi kuongeza fedha mashinani, anahitaji kuelewa kwa nini kamba huvutikia upande mmoja mara nyingi. Jibu limo katika Katiba yenyewe, na mizizi yake inaanzia kabla ya uhuru.

Chama cha KADU kiliundwa mwaka 1960, na kiongozi wake alikuwa Ronald Ngala. Hoja yake kuu ilikuwa majimbo, yaani mikoa yenye madaraka yake yenyewe. Jamii ndogo, za Pwani, za Bonde la Ufa na za Magharibi, zilihofia kumezwa na jamii kubwa zilizokuwa nguzo ya KANU, chama pinzani. KANU nayo ilitaka serikali moja yenye nguvu Nairobi. Vyama hivyo vilipokutana Lancaster House, London, mwanzoni mwa 1962, hakuna kilichoondoka na ilani yake ikiwa nzima. KADU ilipata mikoa saba yenye mabunge yake pamoja na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. KANU ilipata serikali kuu yenye nguvu za kutosha kuendesha nchi, kisha ikashinda uchaguzi wa Mei 1963.

KADU ilijua kwamba kura zinaweza kuinyima serikali, kwa hiyo iliweka kufuli. Vifungu vilivyolinda mikoa havingebadilishwa bila asilimia 75 ya wabunge na asilimia 90 ya maseneta. Piga hesabu: asilimia 90 ya 41 ni 36.9, maana yake maseneta 37. Watano tu wakikataa, mabadiliko yamekwama. Kwa karatasi, ulinzi huo ulikuwa imara sana.

Ulivunjika bila mtu kugusa kufuli. Novemba 1964 KADU ilijivunja na wabunge wake wakajiunga na KANU. Vifungu vya ulinzi vilikuwa bado vimeandikwa, ila hapakuwa tena na watu watano wa kusema hapana. Mwaka uliofuata kiwango cha kura za kubadilisha Katiba kilishushwa hadi asilimia 65. Mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi. Maseneta hawakurudishwa nyumbani mikono mitupu: viliundwa viti 41 vipya, na majimbo ya uchaguzi yakapanda kutoka 117 hadi 158. Hayo nayo yalikuwa mapatano. Aliyeyalipia ni mwananchi wa mkoani, ambaye hakuwa na kiti mezani.

Wazo la KADU lilirudi baada ya miaka zaidi ya arobaini kwa jina la ugatuzi. Januari 2010 kamati teule ya Bunge ilijifungia Naivasha kuchambua rasimu ya Katiba iliyotayarishwa na Kamati ya Wataalamu. Chama cha ODM kilikuwa kimesimama na mfumo wa waziri mkuu mwenye mamlaka, kile cha PNU na rais mtendaji. Walikubaliana rais atakayechaguliwa moja kwa moja na wananchi, huku mamlaka na fedha zikigatuliwa. Ngazi ya mikoa iliyokuwamo katika rasimu ya awali iliondolewa, zikabaki kaunti 47. Rasimu ilipofika Bungeni, wabunge walileta mapendekezo zaidi ya 150 ya kuibadilisha. Kila moja lilihitaji asilimia 65, yaani kura 145 kati ya 222, na hakuna hata moja lililofikisha. Tarehe 1 Aprili 2010 rasimu ikapita kama ilivyokuja, na wananchi wakaiidhinisha kwa kura ya maamuzi tarehe 4 Agosti.

Sasa tuje kwenye mtambo wenyewe wa upatanishi. Mswada wa kawaida unaohusu kaunti lazima upite katika mabunge yote mawili. Bunge moja likiukataa, au likiufanyia marekebisho ambayo bunge la kwanza halikubali, Kifungu cha 113 cha Katiba kinaanza kufanya kazi. Maspika wawili wanateua kamati yenye idadi sawa ya wajumbe kutoka kila upande. Kamati hiyo ina siku 30. Ikiafikiana, kila bunge linapigia kura nakala ya kamati: ndiyo au hapana, bila kuongeza wala kupunguza neno. Zikipita kura zote mbili, Spika wa Bunge la Taifa anaupeleka kwa Rais ndani ya siku saba. Siku 30 zikiisha bila mwafaka, au bunge lolote likisema hapana, mswada umekufa. Huo ndio mwisho wake, na atakayeutaka tena anaanza upya.

Zingatia hilo la kufa. Mswada wa Ugavi wa Mapato, unaogawa fedha kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, hutakiwa kufikishwa Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kuisha Juni 30. Ukichelewa, serikali ya kitaifa ina njia ya dharura: Kifungu cha 222 kinaruhusu Bunge la Taifa kuidhinisha fedha za matumizi, hadi nusu ya makadirio, kabla ya sheria ya bajeti kutiwa saini. Mwaka 2019 kaunti hazikuwa zikitumia njia hiyo. Sheria ya ugavi ilipochelewa, mgao wao ulikwama, na mishahara ya wahudumu wa afya na ununuzi wa dawa vikawa hatarini. Mvutano huo ulipita Juni, ukapita Agosti, ukaisha Septemba. Kwenye meza ambayo upande mmoja unaumia kila wiki inayopita na mwingine hauumii, anayeumia ndiye anayelegeza. Kwa maoni yetu, hii ndiyo kasoro kubwa zaidi ya mfumo huu, na kuwabadilisha wajumbe wa kamati hakuiondoi.

Kinga iliyopo ni Kifungu cha 203, kinachozipa kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Lakini asilimia hiyo hukokotolewa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa kuidhinisha, kipimo kinabaki cha mapato ya zamani, ambayo kwa kawaida ni madogo kuliko ya sasa.

Kwa hiyo ilani isomwe kwa maswali. La kwanza: ahadi hii inahitaji sheria, au bajeti na uamuzi wa serikali tu? Muungano wa vyama wa NARC uliahidi elimu ya msingi bila malipo mwaka 2002, na Januari 2003 watoto walikuwa darasani bila kungoja mswada mpya. La pili: inahusu kaunti? Ikihusu, chama chenye wengi katika bunge moja pekee hakiwezi kuipitisha peke yake. La tatu: inagusa Katiba? Hapo hesabu ni ngumu zaidi. Kanuni ya kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili inaungwa mkono hadharani na vyama karibu vyote, lakini mswada wake ulihitaji wabunge 233 katika Bunge la Taifa, na mara zaidi ya moja idadi hiyo haikupatikana. Hawakuhitaji kusimama kuupinga. Ilitosha kutokuwa ukumbini.

Swali la nne huulizwa baada ya mswada kupita. Chukua nakala iliyochapishwa kwanza katika Gazeti Rasmi, uilaze kando ya sheria iliyotiwa saini. Tafuta mahali ambapo “sharti” limegeuka “anaweza”. Tafuta maneno “kwa kadiri rasilimali zitakavyoruhusu”. Angalia tarehe ya kuanza kutumika: ikiwa imeachwa iwe “siku ambayo Waziri atatangaza”, sheria hiyo inaweza kukaa rafuni hadi Waziri atakapotaka.

Anayetaka maoni yake yahesabike ayatoe kwa maandishi mswada ukiwa katika kamati ya kawaida, baada ya kusomwa mara ya kwanza, akitaja nambari ya kifungu na maneno anayopendekeza yawekwe. Mswada ukishafika kwa wapatanishi, hoja mpya haina nafasi kubwa, maana wao wanahangaika na kile ambacho mabunge mawili tayari yamebishania.