Majani makali ya saladi: kuotesha nyumbani na kuutawala ukali wake

Jani zima la haradali au arugula halina ukali mpaka lijeruhiwe. Ndani yake kuna kemikali ziitwazo glukosinoleti, na mbali nazo kidogo kimehifadhiwa kimeng'enya cha mirosinasi. Jani likitafunwa, likikatwa kwa kisu au likiliwa na kiwavi, vitu hivyo viwili hukutana na kutengeneza mafuta yale yanayopanda puani. Ni silaha ya mmea dhidi ya wadudu. Ndiyo maana jani lililopikwa hupoteza ukali: moto huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi.

Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaotuletea malalamiko kwamba mboga yao imekuwa chungu huilaumu mbegu, na mara nyingi mbegu haina kosa. Jua kali, kiu na kuchelewa kuvuna ndivyo vinavyozidisha ukali hadi ukawa uchungu. Mimea hii hupenda ubaridi, na hustawi zaidi kwenye nyuzi joto 15 hadi 20 za Selsiasi. Kama kwako kuna joto, iweke ipate jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Udongo usiachwe ukauke kabisa ndipo umwagiwe maji mengi kwa mkupuo. Chomeka kidole, ukikuta pakavu hadi kina cha sentimita mbili, mwagilia.

Chombo chochote chenye kina cha sentimita 15 na matundu chini kinatosha. Jaza udongo tifutifu uliochanganywa na mboji iliyoiva. Usitumie samadi mbichi, kwa kuwa majani haya huliwa bila kupikwa na samadi hiyo hubeba vimelea vya kuhara. Viwango vya kilimo hai vya Marekani hutaka zipite siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusana na udongo, na mboga hizi huwa zimeshaliwa zamani kabla ya siku hizo kutimia.

Mbegu ni ndogo, hivyo zifukie nusu sentimita tu, isizidi moja. Mara nyingi huchipua kati ya siku ya tatu na ya saba. Zitawanye kwa uchache hata kama mkono unatamani kumwaga, kwa sababu miche iliyosongamana ndiyo inayopatwa na kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche. Asubuhi unaiona imesimama vizuri. Jioni mmoja umelala, na ukiuangalia kwa karibu, shina limenywea likawa jembamba kama uzi pale linapogusa udongo. Siku ya pili wanalala majirani zake. Mche ulioanguka hauponi, kwa hiyo kazi yote ni kukinga: chombo kisafi, hewa ipite, umwagiliaji ufanyike asubuhi, na uso wa udongo usishinde umelowa. Miche ikiwa na majani mawili halisi, ipunguze ibaki nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kama unataka majani makubwa. Unayong'oa ioshe uile.

Hapo nina onyo. Mbegu zenye rangi ya waridi, buluu au kijani isiyo ya asili zimepakwa dawa. Zisioteshwe kwa ajili ya kula machipukizi. Kwa kresi, jani jingine kali la saladi linalokatwa likiwa na wiki mbili tu, nunua mbegu zisizotiwa dawa.

Ukiona majani yametobolewa vitundu vidogo vingi kana kwamba yamechomwa sindano, hao ni mbawakawa wadogo wanaoruka kama viroboto. Funika chombo kwa chandarua chenye matundu madogo tangu siku ya kupanda. Vidukari waondoe kwa maji ya nguvu. Dawa za sumu sishauri kabisa kwa mboga utakayoila mbichi baada ya siku chache.

Arugula changa huwa tayari ndani ya wiki tatu hadi nne. Kata majani ya nje asubuhi, uache kitovu cha katikati, nayo itachipua tena mara mbili au tatu. Shina likianza kurefuka na majani kuwa membamba, mmea unaelekea kutoa maua na utamu umekwisha. Maua yenyewe yanalika, na ni mazuri. Ili usikose mboga, panda kidogo kila baada ya wiki mbili.

Majani haya yana vitamini K kwa wingi, nayo husaidia damu kuganda. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi anachokula kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Ukitaka mbegu zako mwenyewe, acha mimea kadhaa ichanue. Haradali hujichavusha yenyewe, lakini arugula huhitaji wadudu na jirani wa aina yake, kwa hiyo mmea mmoja pekee hautakupa kitu cha maana. Vuna maganda ya mbegu yakishakuwa na rangi ya majani makavu, kabla hayajapasuka na kumwaga mbegu.