Mapango ya Kenya: anza na mwamba, halafu ndio upange safari

Kila likizo ikikaribia napata meseji zilezile, nataka kuona pango la maana hapa Kenya, niende wapi, na mimi najibu kwa swali, unataka kuona pango lililotengenezwa na nini? Mimi ni mwanajiolojia na mapango ndiyo nimeyafuata miaka hii yote, kwa hivyo kwangu mwamba ndio unakuja kwanza, sababu ukishajua pango lilitokeaje utajua kama ndani kuna matope ama vumbi, kama dari inashika ama inamomonyoka, kama utakuta popo na ni popo gani, na hata viatu vya kuvaa utavijua. Na tumebarikiwa jamani, nchi moja ina mapango ya lava, ina mapango ya majivu ya volkeno ambayo ndovu wanayachimba, ina mapango ya matumbawe huko ufuoni, na bado ina ya mawe chokaa ya kale sana kule Kilifi.

Acha nianze na Elgon kwa sababu hapo ndipo moyo wangu ulipo. Unafika Kitale, unaenda mpaka geti la Chorlim la Mbuga ya Mlima Elgon, na ndani ya mbuga kuna mapango manne yanayojulikana zaidi, Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Makingeny ndilo kubwa na lina maporomoko ya maji yanayoshukia mbele ya mlango wake, ukifika unapita nyuma ya pazia la maji na ni raha tupu. Lakini jina ni la Kitum, na ni haki yake.

Mlima Elgon ni volkeno ya zamani sana, iliyolipuka na kutupa majivu na vipande vya mawe, yakarundikana, yakashikana yakawa mwamba, na huo mwamba umebeba chumvichumvi za sodiamu. Sasa kule juu mvua ni nyingi, inaosha udongo mpaka nyasi na majani yanakosa chumvi, na mnyama mkubwa anayekula majani peke yake mwili unamdai hiyo chumvi. Ndio ndovu wa Elgon wakajifunza kuingia pangoni. Wanaingia usiku kwa msururu, watoto wakiwa katikati, gizani kabisa, wanapapasa njia kwa mkonga, pango la Kitum linaingia mlimani kama mita 200, na wakifika ukutani wanachokoa kwa pembe mpaka jiwe linabanduka, wanalisaga kwa magego na kumeza. Nyati na pongo nao wanafuata hiyo chumvi, na zamani watu wa Elgon waliishi kwenye haya mapango na ng'ombe wao, na wao pia walichimba chumvi ya kulishia mifugo.

Ukiwa ndani geuza tochi iangaze ukuta kwa ubavu, usiielekeze moja kwa moja. Hapo ndio utaona mistari, mifereji mifupi iliyolala sambamba, mingine juu kuliko kichwa cha mtu mrefu, mingine chini usawa wa goti ambapo ndovu mdogo alijaribu. Mifereji ya zamani imezungushwa kingo na ina rangi ya moshi, mipya ni ya kijivu cheupe na ukiipulizia inatoa unga. Mimi hukaa hapo nikisoma ukuta mpaka wenzangu wanaanza kuniita. Wataalamu bado wanabishana ndovu wamechimba kiasi gani cha pango lenyewe. Mimi nikiangalia ule mwamba naona maji ndiyo yaliyoanza kulainisha na kubomoa, ndovu wakachukua kazi na kuisukuma ndani zaidi, kizazi baada ya kizazi. Ndani kuna ufa mkubwa ambao watoto wa ndovu wamewahi kutumbukia wakafia humo, kwa hivyo usitembee ukiangalia simu, na usiachane na renja wako hata hatua kumi. Kwenye kuta pia kuna vipande vya miti iliyogeuka jiwe, miti iliyofunikwa na majivu wakati ule. Tazama, piga picha, acha hapohapo.

Sasa hili la popo lazima niliseme kwa urefu maana blogu nyingi za safari zinalipita juujuu. Mwaka 1980 mtu aliyekuwa ametembelea Kitum aliugua Marburg, homa kali ya kirusi inayoweza kutoa damu mwilini, akafa Nairobi, na daktari aliyemhudumia akaambukizwa pia ila yeye alipona. Mwaka 1987 kijana wa miaka 15 kutoka Denmark, naye alikuwa ameingia Kitum, akapata ugonjwa huohuo akafa. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kirusi kinakaa wapi, baadaye watafiti wakakipata kwa popo wa matunda wanaolala mapangoni, wale wakubwa wenye sura ya mbwa. Na 2008 mtalii kutoka Uholanzi alikufa kwa Marburg baada ya kuingia pango la popo magharibi mwa Uganda, kwenye msitu wa Maramagambo, kwa hivyo hii si hadithi ya zamani. Siwatishi, mimi mwenyewe naingia na nitaendelea kuingia, lakini naingia na barakoa nzuri ile ya kubana uso, glavu, shati la mikono mirefu, miwani, na sishiki uso wangu mpaka nitoke na ninawe kwa sabuni. Popo usimguse hai wala mfu, usisimame chini ya kundi lao ukashangaa juu mdomo wazi, usikae kwenye kinyesi chao, usile chochote ndani. Hata pasipo Marburg, vumbi la kinyesi cha popo linaweza kuwa na kuvu inayoshambulia mapafu. Na ukipata homa ndani ya wiki tatu baada ya kutoka, mwambie daktari waziwazi kwamba ulikuwa pangoni penye popo, usimwache ahangaike na malaria peke yake. Kama unapeleka watoto wadogo ama una mimba, mimi nakushauri uishie mlangoni, mwanga wa mlangoni unatosha kuona mengi.

Haya, tuje kwa lava, na hapa ndipo Kenya inasimama na nchi yoyote duniani. Pango la lava linatokea haraka sana, siku ama wiki, wakati mawe chokaa yanahitaji maelfu kwa maelfu ya miaka. Lava inashuka mlima, juu inapoa na kuganda, ni kama uji ulioachwa mezani ukashika ngozi, huku chini moto bado unatiririka, na chanzo kikikatika ile lava ya ndani inaendelea kushuka na kuacha handaki tupu. Baadaye dari linaporomoka mahali fulanifulani na hapo ndio mlango wa kuingilia unapatikana. Kwenye kuta utaona mistari ya kulala inayoonyesha lava ilikuwa imefika wapi kila iliposhuka, na darini matone yaliyoganda kabla ya kudondoka.

Leviathan iko kwenye vilima vya Chyulu na ina urefu wa zaidi ya kilomita 11, ni kati ya mapango marefu ya lava duniani. Wakenya wengi hawalijui kabisa! Ila nisikudanganye, hilo si la mtalii wa kawaida, halina njia wala taa wala kibanda cha tiketi, unahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kamba, helmeti, na kikundi cha watu wanaojua kazi ya mapango. Chyulu yenyewe ni volkeno changa kiasi kwamba haina mito juu yake, mvua ikinyesha inazama yote kwenye mawe yenye matundu, inasafiri chini kwa chini na kutokea chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, na sehemu ya maji hayo ndiyo yanaenda kwa bomba hadi Mombasa. Mtu wa Mombasa akifungua mfereji anakunywa maji yaliyochujwa na lava ya Chyulu, na hii ndio sababu nakasirika nikikuta watu wameacha betri na chupa ndani ya yale mapango. Ukitaka kuonja lava bila kamba, nenda Shetani, hukohuko Tsavo Magharibi, lava iliyomwagika karne ya 19 tu, nyeusi ti, miti ndio kwanza inaanza kushika. Vaa buti za soli nene kwa sababu ile lava inakata raba kama wembe.

Suswa ndilo napendekeza kwa watu wengi. Ni volkeno iliyo karibu na Nairobi, unashuka bondeni kupita Mai Mahiu unashika barabara ya Narok, halafu ni vumbi na mawe, gari ya chini usijaribu. Pale wenyeji ni Wamaasai na hifadhi ni ya jamii, kwa hivyo unalipa kwao na unachukua kijana wa pale akuongoze, na usijaribu kumkwepa kwa sababu mashimo ya dari zilizoporomoka yamejificha kwenye nyasi na vichaka, unaweza kutembea ukaingia hewani. Ndani utafika ukumbi ambao waongozaji wanauita bunge la nyani, maana nyani wanalala humo usiku kumkwepa chui, na mawe wanayokalia yameng'arishwa na makalio na mikono yao mpaka yanateleza na kuakisi tochi. Ukienda asubuhi wamekwenda malishoni. Jioni usikae mlangoni, ni njia yao na wanarudi kwa fujo. Popo wa Suswa wengi ni wa kula wadudu ila masharti ya barakoa ni yaleyale. Na kabla hujaondoka uliza uonyeshwe mabomba ambayo wenyeji wameweka juu ya nyufa zinazotoa mvuke, mvuke unapoa kwenye bomba unadondoka maji ya kunywa, kwenye mlima ambao hauna kijito hata kimoja. Mimi kama mtu wa miamba naona hiyo ni akili ya hali ya juu.

Pwani ni mambo mengine kabisa. Shimoni, Kwale, pango liko ndani ya matumbawe ya kale, mwamba uliojengwa na viumbe wa bahari wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo, maji yakayeyusha polepole. Humo watu waliwekwa kabla ya kupakiwa majahazini kwenye biashara ya utumwa, na wanakijiji ndio wanaolitunza na kukutembeza. Nendeni na mtulie. Nimeona makundi yakiingia pale na muziki kwenye spika, inaniuma sana. Karibu na hapo kuna mapango ya Fikirini, wanayaita Dada Watatu, mizizi ya miti inateremka kutoka matundu ya dari mpaka sakafuni na mchana jua linaingia kwa miale, kwa wapiga picha hakuna mahali pazuri kuliko hapo.

Halafu kuna Panga ya Saidi, Kilifi, kwenye mawe chokaa, kilomita kama 15 kutoka baharini. Makumbusho za Taifa za Kenya na wenzao wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walichimba pale wakapata tabaka za makazi ya watu zinazorudi nyuma karibu miaka 78,000, na chini kabisa kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na jinsi kichwa kilivyoinama inaonyesha kiliwekwa juu ya kitu laini kilichooza baadaye. Wakampa jina Mtoto. Utafiti ulichapishwa 2021 na ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu wa aina yetu lililopatikana Afrika mpaka sasa. Chokaa ya pango ndiyo ilisaidia, inapunguza asidi ya udongo na mifupa inaponea. Hapo si mahali pa kujiendea tu, pitia kwa makumbusho na kwa wazee wa pale, sababu bado ni mahali pa ibada. Na hii ni kwa mapango mengi ya pwani, ukikuta vitambaa vyekundu na vyeupe, ubani, chupa za marashi, jua uko ndani ya mzimu wa watu, mahali wanapotambikia. Vua viatu ukiambiwa, usisogeze kitu, picha uliza kwanza.

Vifaa sitavichambua sana, tochi mbili ya kichwa na ya mkononi, betri za akiba, helmeti, na mtu nje anayejua mtatoka saa ngapi. Ukiona unahema haraka bila kazi na kichwa kinagonga, hewa ni mbaya, rudi mlikotoka bila mjadala. Mbuga za KWS mnalipa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hawapokei keshi, kwa hivyo malizeni hiyo kazi mkiwa bado na mtandao. Mvua za Machi mpaka Mei epukeni Elgon na Suswa, barabara zinageuka matope na ule mwamba wa majivu ukilowa unadondosha mabonge kutoka darini, kwenye sakafu ya Kitum utayaona yamelala. Januari na Februari ndiyo miezi yangu.

Kama una siku moja tu na unatoka Nairobi, nenda Suswa uondoke alfajiri. Hata hiyo ikikosekana, Msitu wa Karura una mapango madogo kando ya mto ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha, unafika kwa matatu na mtoto wa chekechea anaweza. Ukiwa na siku tatu panda Elgon, siku ya kwanza fika Kitale ulale, ya pili Kitum na Makingeny na renja, ya tatu ibaki ya akiba kwa sababu ukungu wa ule mlima haujali ratiba yako.